Nani Aandikwe Msimamizi

Kasubi, Kampala
3 Februari 2025

Shangazi yangu Kaltumi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kivulini na mguu wa Shangazi Sharifah umepungua uvimbe. Huku sote tu wazima. Baba amerudi kutoka Juba na lori pamoja na kikohozi ambacho anasema si kikohozi. Mansur alinyoa ndevu, akajuta, na sasa kila asubuhi kaka yangu huyo anatuuliza kama zimeanza kuonekana. Hindu anakusalimu kutoka jikoni. Anasema uji haujaungua hata siku moja tangu uondoke. Umeungua mara mbili, lakini nilimwahidi kuandika alivyosema.

Uliniambia niandike kwa sababu kwenye simu najibu ndiyo, ndiyo, kisha nanyamaza. Ni kweli. Basi naandika, na Oloya wa basi la Arua ameahidi kuibeba barua kwenye mfuko wa shati, si kwenye mizigo.

Watoto tunaowalea mchana bado ni kumi na mmoja, lakini wanaweza kupungua. Wiki mbili zilizopita Hasifa, yule muuguzi, mama yake Jibril, alikwenda Kikuubo kutafuta mapazia. Nje ya duka moja la magodoro akakuta bango kubwa kuliko mlango. Kwenye bango wamelala watoto wetu wote, wamepangwa mstari mmoja, midomo wazi, Jibril wa kwanza kushoto na fulana yake ya njano. Chini imeandikwa LALA KAMA HAWA. Kina mama wengine walicheka, maana hakuna godoro hata moja kwenye picha. Watoto wamelala kwenye mikeka yetu. Hasifa hakucheka. Alikuja jioni, akaketi, akaniuliza kwa upole nani alitoa picha ya mwanawe na kwa ruhusa ya nani. Upole wake ulinitisha kuliko kama angefoka. Kisha akaniuliza kama tumejiandikisha kwenye ofisi ya serikali inayolinda taarifa binafsi za watu, kama kliniki yake ilivyojiandikisha. Nikamwambia sisi ni nyumba tu, yenye ua na mikeka. Akasema, "Nabila, nyumba hii inajua mambo ya mwanangu ambayo hata baba yake hayajui."

Amesema kama hatutakuwa tumejiandikisha kufikia mwisho wa Juni, atampeleka Jibril kwingine. Wengine wanne wamesema watamfuata. Tukibaki na sita, Shangazi, hatutaweza hata kumlipa Hindu mshahara wake.

Nimeisoma sheria yote, kurasa zote. Usinicheke. Fomu inauliza tunajua nini kuhusu watoto, tunaandika wapi na nani anasoma. Nimejaza kila kitu isipokuwa mstari mmoja, wa jina la msimamizi, yaani mtu atakayejibu iwapo siri ya mtoto itatoka nje. Huyo ni wewe. Ila anatakiwa awe anapatikana hapa nyumbani, na aweke sahihi kwa mkono wake.

Kwa hiyo nina maswali mawili. Unarudi lini? Na ile picha, nani aliitoa?

Ni mimi mtoto wako,
Nabila


Arua
19 Februari 2025

Nabila wangu,

Wa aleikum salaam. Barua yako imefika na harufu ya jasho la Oloya, lakini inasomeka. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa haraka kama ninayetafuta msiba, ya pili taratibu baada ya kujua hakuna aliyekufa.

Dada yangu Sharifah anatembea na fimbo hadi mlangoni na kurudi, na kila hatua anaitangaza kama redio. Daktari anafurahi. Mwambie baba yako anywe tangawizi na aache ubishi. Ndevu za Mansur zitaota tu. Za babu yake pia zilichelewa. Huku mvua imekataa kabisa. Maji tunachotewa na jirani mmoja anaitwa Abubaker, fundi wa redio, mtu mzima, mjane. Ana baiskeli yenye kengele mbili. Kwa nini mbili sijui, sijamuuliza.

Sasa kuhusu watoto. Daftari langu la kijani lisisomwe na mtu mwingine ila wewe. Humo nimeandika mambo ambayo wale kina mama waliniambia huku wanalia. Ukurasa wa mtoto Erinayo usiusome mezani wakati watu wanapita. Na ule ukuta wa barazani, pale nilipoandika kwa mkaa nani asipewe maziwa na nani asichukuliwe na mjomba wake, nadhani Hasifa ana haki. Kila muuza ndizi anayepita anausoma. Miaka yote niliona ni msaada, na kumbe nilikuwa nawaanika watu.

Hilo la jina tutaongea. Usiwe na haraka nalo. Jaza mengine.

Mfungo unakaribia, usifunge bila kula daku kama mwaka jana.

Shangazi yako,
Kaltumi


Kasubi
12 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Ramadhani karim kwako na kwa wote hapo. Tunafunga salama. Daku nakula. Baba kikohozi kimekwisha na anasema hakikuwapo. Mansur sasa ana ndevu kumi na saba, Hindu alizihesabu.

Mengine yote nilikuwa nimeshayajaza kabla ya kupata barua yako, kwa hiyo ushauri wa kutokuwa na haraka ulinikuta nimeshafika. Ukuta nimeupaka chokaa. Maelezo ya maziwa nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, anapoona Hindu peke yake. Daftari la kijani liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, na ufunguo nauvaa shingoni.

Nilikwenda mbali zaidi, na hapo nikakosea. Nilisoma kwamba ni vizuri kuficha majina ya watu pale yasipohitajika. Nikawaza siku mbili, nikawapa watoto namba, nikaziandika kwenye vikombe na mifuko yao. Sikufikiri kwamba Hindu angezitumia kuwaita. Siku tatu nyumba nzima ilikuwa "Saba, njoo unawe, Tisa, mwachie Mbili kijiko." Watoto walifurahi kupita kiasi. Erinayo akarudi nyumbani akakataa kuitika jina lake. Mama yake alitoka dukani Kikuubo, saa ambayo huwa hana nafasi ya kupumua, akaja kuniuliza mwanawe amefanya kosa gani hadi aitwe Nne kama mfungwa. Nilimweleza sheria. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema nimesoma sana na nile kitu, ingawa ilikuwa saa nane mchana na tumefunga wote wawili. Namba nimezifuta. Erinayo bado anaitaka yake.

Nilikwenda Wandegeya kuchapisha fomu za wazazi. Nikakutana na mwalimu wangu wa takwimu wa chuo kikuu, tukasimama tukaongea kidogo. Hakuna la maana.

Hukunijibu kuhusu picha. Hukunijibu kuhusu kurudi pia. Nimeweka penseli kidogo kwenye mstari wa msimamizi, nimeandika Kaltumi, kisha nimefuta, kwa sababu nikisema uongo kwenye fomu ya kulinda ukweli wa watu nitajiona mjinga. Nisaidie. Hasifa kila jioni ananiangalia.

Abubaker amesema kengele ya pili ni ya nini?

Nabila


Arua
8 Aprili 2025

Nabila, mtoto wa kaka yangu,

Idi yetu imepita vizuri, alhamdulillahi. Tulikula kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia, na Sharifah alicheza ngoma akiwa amekaa. Alikuwa na furaha hadi akasahau kutangaza hatua zake. Mvua imenyesha. Nguo mpya nilivaa ya zambarau, nikaambiwa imenipendeza.

Nimecheka na Nne hadi majirani wakaja. Nimemsomea Abubaker kipande hicho tu, mengine sikusoma, usianze kunitafutia fomu. Kengele ya pili anasema ni ya akiba.

Picha niliitoa mimi. Nakuambia sasa kwa sababu nimechoka kuibeba. Yule mwenye duka la magodoro ni mtu wa maneno matamu. Alikuja mwaka jana kumchukua mtoto wa shemeji yake, akawakuta wamelala, akaniambia hajawahi kuona watoto wametulia hivyo na akaniomba picha moja ya kumbukumbu. Nilijisikia vizuri. Miaka ishirini na mbili nalea watoto wa watu, na sifa niliyozoea ni kuulizwa soksi imepotelea wapi. Nikampigia picha, nikamtumia. Sikujua ingekuwa bango. Nilipoliona niliona aibu, nikanyamaza, na ndipo nikapata simu ya mguu wa Sharifah nikaondoka. Mwambie Hasifa ni mimi. Nimempigia yule mtu wa magodoro vilevile, nikamsema hadi akakata simu. Bango ameshusha.

Sasa na mimi nikuulize. Mtu hasimami na mwalimu wake wa takwimu Wandegeya na kuongea hakuna la maana, hasa wewe, ambaye hata salamu huiwazia. Alikuambia nini? Kama kuna kazi, ichukue. Usikae Kasubi kwa ajili yangu. Kama ni lazima watoto waende kwa wengine, wataenda, watakua, watatusahau, ndivyo watoto wanavyofanya.

Jina acha wazi kidogo.

Kaltumi


Kasubi
5 Mei 2025

Shangazi,

Salamu nyingi kutoka kwa sote, na leo kuna wengi wa kukusalimu, utaelewa. Baba alikwenda safari tena baada ya Idi, siku nne tu, akarudi na kanzu mpya ambayo hataki kueleza ilitoka wapi. Nilimwambia Hasifa kuhusu picha. Akasema anaheshimu mtu anayekiri, na kwamba Juni bado ni Juni.

Niliwatumia wazazi ujumbe mmoja. Niliuandika upya mara tano ili uwe wazi. Nilisema Jumamosi tarehe tatu waje kuweka sahihi kwa ajili ya mtoto, kila mmoja na picha ndogo ya mtoto pamoja na za watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua. Sikusema neno lingine. Niliona limetosha.

Wewe unawajua, ungejua. Sahihi, picha, Jumamosi, watu wawili wa kila mtoto. Mama Erinayo aliwapigia wenzake akawaambia ni mahafali. Akaenda Wandegeya kwa wale wanaokodisha majoho kwa wanafunzi wa chuo, akawalazimisha washone madogo.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimepanga meza, kalamu na wino wa dole gumba. Lango likafunguka wakaingia watoto kumi na mmoja wenye majoho meusi na kofia za pembe nne. Yule mdogo wa miezi minane alikuwa amelala ndani ya lake, anaonekana kama jaji. Nyuma yao bibi, shangazi na majirani, pilau ya masufuria mawili na keki iliyoandikwa HONGERA KASUBI. Makokha, baba wa wale pacha, anayeendesha lori la Busia, alileta spika. Nilisimama na karatasi zangu mkononi. Nilitaka kuwaambia kwamba hakuna anayehitimu, kwamba watatu kati yao hawajaanza kutembea. Nikamwona Erinayo ameshika kofia kwa mikono miwili isianguke. Nikaziweka zile karatasi mezani.

Basi tukafanya mahafali. Niliweka pazia pembeni ya baraza, na kila mzazi akapita nyuma yake peke yake kwanza, nikamsomea fomu yake: tunaandika nini kuhusu mtoto, kwa nini, nani ataona. Walidhani ni sehemu ya sherehe, wengine walipangusa viatu kabla ya kuingia. Lakini ndani ya pazia waliongea. Waliniambia mambo, Shangazi, kwa kunong'ona, muziki wa Makokha unapiga nje. Niliyaandika, mengine wakaniomba niyafute, nikayafuta mbele yao. Hasifa alisoma kila mstari na kusahihisha miwili. Alikuwa sawa kote kuwili.

Wakati wa keki simu zote zilipanda juu. Nikasikia sauti yangu inasema hakuna kumpiga picha mtoto wa mwenzako bila kumuuliza. Niliogopa wangenuna. Ikawa soko. "Mama Erinayo, unaniruhusu?" "Nakuruhusu, lakini mpige upande wa kulia." "Baba pacha, nimpige mmoja au wote?" "Ukijua yupi ni yupi, mpige." Waliulizana hivyo saa nzima, na waliokataliwa walicheka kuliko waliokubaliwa.

Kisha Makokha akashika spika. "Mkubwa wa nyumba hii ni nani? Asimame atuambie neno."

Wote walitazama mlango wa chumba chako. Hata mimi nilitazama. Hakuna aliyetoka.

Nikasema, "Ni mimi."

Sijui nilisema nini baadaye. Hindu anasema niliongea dakika kumi na wengine walilia, lakini Hindu unamjua. Ninachojua ni kwamba usiku sikulala vizuri, kwa sababu nilitamka mbele ya watu jambo ambalo hatujaongea mimi na wewe, na jina bado liko wazi. Niambie ukweli sasa. Sitavunjika.

Nabila


Arua
18 Mei 2025

Nabila wangu,

Nimesoma barua yako barazani nikalia, nikacheka, Sharifah akaja bila fimbo kuona nina nini. Mguu wake umepona, umejua sasa. Umepona tangu mwisho wa Machi.

Kwa hiyo si mguu unaonizuia. Nimeolewa. Tarehe ishirini na tano Aprili, Ijumaa, baada ya sala, na Abubaker wa kengele mbili. Baba yako ndiye aliyenioza, na hiyo kanzu alivalia ndoa. Nilimwapisha asikuambie, na unajua anavyoweza kubisha hadi kikohozi chake mwenyewe.

Sababu ni hii. Nilijua nikikuambia sirudi, ungejibu ndiyo, ndiyo, ukanyamaza, ukaiacha kazi ya huyo mwalimu, ukabaki na watoto kumi na mmoja kwa kunihurumia. Sikutaka kukuachia nyumba kama mtu anavyomwachia mwenzake mzigo stendi. Nikasema nisipotaja jina, ataondoka mwenyewe kwa hasira, na hasira huisha. Nilikuwa nakufukuza kwa upole, na wewe ukaandaa mahafali.

Nina miaka hamsini na saba. Nililea watoto wa watu wote wa Kasubi, na nilikuwa nimeshakubali kwamba mimi mwenyewe hakuna anayeniuliza kama nimekula. Huyu ananiuliza. Nisamehe kwa kukuficha. Niliionea aibu furaha yangu.

Sasa sema la kwako. Na usiandike jina lako pale kwa sababu ya spika ya Makokha.

Kaltumi


Kasubi
4 Juni 2025

Shangazi yangu, bibi harusi,

Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani, vibaya, Mansur akadhani ni panya. Mungu awaweke. Baba nimemkabili na kanzu yake. Ameniambia ni ya kawaida. Kisha akatabasamu hadi akalazimika kutoka nje.

La kwangu ni hili. Mwalimu alinipa kazi ya utafiti, miaka miwili ya kuzunguka Mbarara na Kabale, kuhesabu watoto nyumba kwa nyumba. Barua ilikuja Aprili. Niliificha kwenye sanduku la bati. Nilijiambia naikawiza kwa ajili yako, na nilifurahi kuwa na sababu nzuri hivyo. Ukweli nilikuwa naona haya. Wenzangu wa chuo wakiniuliza nafanya nini, nilikuwa nasema nasubiri. Nimesubiri miaka miwili huku kila siku saa moja asubuhi nafungua lango na moyo mwepesi. Sikumwambia mtu kwamba naipenda kazi hii. Hata wewe. Nilidhani ni kazi ya kufanya mpaka kazi ifike.

Nilimwandikia mwalimu nikamshukuru, nikakataa. Kisha nikajaza ule mstari kwa kalamu. Fomu iliuliza pia shughuli yangu. Niliandika mlezi. Cheti kimetoka jana. Hasifa alikisoma mbele na nyuma, akanirudishia, akaniuliza Jibril aje na nguo ngapi za kubadilisha wiki ijayo.

Ninalo jambo la kwanza kama msimamizi. Kina mama wananiuliza kila siku unarudi lini. Kuolewa kwako ni taarifa binafsi, nami siwezi kuitoa bila ridhaa yako. Nimekukatia karatasi ndogo hapa chini. Jaza, uweke sahihi, mpe Oloya.

Nabila


Arua
15 Juni 2025

Msimamizi wa Kasubi,

Wote wazima. Nimejaza, kama ulivyoagiza.

Taarifa inayohusika: Kaltumi ameolewa.
Imetolewa na: mwenyewe, bila kulazimishwa.
Nani anaruhusiwa kuijua: kina mama wote, kina baba, Hindu, na watoto, wakubwa na wadogo. Makokha aitangaze kwa spika akitaka.
Picha: zinaruhusiwa, upande wowote.
Itahifadhiwa kwa muda gani: Mungu akipenda, mrefu sana.

Sahihi: Kaltumi